KUJIAMINI KWA MWANDISHI CHIPUKIZI

(Mazungumzo yaliyotolewa katika bwalo la shule, Morogoro, siku ya mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani)



Katibu wa Chama aliponiandikia barua alinieleza kwamba safari hii vijana wenyewe waliulizwa wangependa kusikia nini kutoka kwetu. Wakaandika kwenye vikaratasi bila kutaja majina. Wengine waliuliza juu ya mitihani, wengine juu ya kazi. Lakini vikaratasi vingi, kwa namna mbalimbali, vilikuwa na maneno haya: nataka kuandika, lakini naogopa. Nilivipitia vyote. Hakuna hata kimoja kilichouliza habari ya karatasi, wala ya kalamu, wala ya fedha. Vyote viliuliza habari ya woga.

Sikuja hapa kama mwandishi mashuhuri. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada. Hadithi zangu chache zimetoka magazetini, na mswada mmoja mrefu bado uko mezani kwangu. Nadhani hiyo ndiyo sababu Katibu akanichagua mimi. Mtu aliyefika kileleni siku nyingi husahau mawe ya njiani. Mimi bado napanda, kwa hiyo mawe nayaona.

Neno langu ni moja, na nalitoa mapema ili atakayesinzia kwa sababu ya wali na maharage ya mchana huu awe amekwisha kulipata. Neno lenyewe ni hili: kujiamini hakutangulii kazi, kujiamini hufuata kazi. Kijana anayesema, "Nikishajiamini nitaanza kuandika," anafanana na mkulima anayengoja kwanza kiganja chake kiote sugu ndipo ashike jembe. Atangoja mpaka mvua ziishe.

Woga wenyewe nimeugawa mafungu matatu, kama nilivyoukuta katika vikaratasi vyenu. Tuutazame mmoja mmoja.

"Kiswahili changu si kizuri"

Woga wa kwanza ni wa lugha. Mkoa wetu huu una makabila mengi. Kijana anateremka kutoka Mgeta au Matombo, mwingine anatoka Gairo, mwingine Mahenge. Anafika shuleni na lafudhi ya kwao, wenzake wanamcheka siku ya kwanza, na tangu siku hiyo anaweka moyoni kwamba Kiswahili cha vitabuni ni mali ya watu wa Tanga na Unguja. Yeye wa milimani kazi yake ni kusoma tu.

Wadogo zangu, hebu tutazame kumbukumbu za fasihi yetu zinasema nini. Shaaban Robert, ambaye kila mtu humtaja kwanza, alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Wazazi wake asili yao ilikuwa Uyao. Mathias Mnyampala, bingwa wa mashairi aliyeeneza ngonjera nchini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kisiwani Ukerewe, mbali kabisa na pwani, na riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Penina Muhando, ambaye wengine mnamjua kwa jina la Profesa Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 Berega, huko Ukaguru, katika mkoa wetu huu huu wa Morogoro. Tamthilia yake ya Hatia ilichapishwa mwaka 1972. Hesabuni wenyewe: alikuwa binti wa miaka 24 hivi. Baada ya hapo zikafuata Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo, Nguzo Mama na Lina Ubani. Angengoja Kiswahili cha Berega kithibitishwe na watu wa pwani, tusingekuwa na hata kitabu kimoja kati ya hivyo.

Sisemi kwamba lugha si kitu. Lugha ina sheria zake, na mwandishi asiyejali sheria ni kama fundi seremala asiyejali kipimo. Lakini sheria hufundishika. Tunayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981. Tunayo Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Maktaba yetu hapa shuleni inayo nakala. Nimeiona asubuhi, na kwa jinsi ilivyo safi, nina wasiwasi haijafunguliwa sana. (Kicheko.) Kamusi itakupa neno sanifu. Lakini jinsi bibi yako anavyoanza hadithi, mahali anaponyamaza, methali anayoitoa kwa hasira na ile anayoitoa kwa huruma, hayo kamusi haina. Umeyaleta wewe kutoka nyumbani. Lafudhi yako haionekani katika maandishi, bali yale uliyoyasikia kwa masikio yako ndiyo yanayoonekana.

"Mimi ni nani hata niandike?"

Woga wa pili ni wa cheo. Mtu anadhani kuandika vitabu ni kazi ya maprofesa, ya watu waliopewa shahada ya kuandika. Kikaratasi kimoja kilisema hivi: "Baba yangu ni mkulima wa mahindi, je, naruhusiwa?"

Ndugu yangu uliyeandika kikaratasi hicho, popote ulipokaa, nakujibu. Hakuna ofisi inayotoa ruhusa hiyo. Nimefanya kazi serikalini karibu miaka ishirini, na nakuhakikishia kwamba fomu hiyo haipo. Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Huko forodhani alikaa miaka mingi, na baadaye akahamia ofisi nyingine za serikali. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliandika akiwa mtumishi, mwenye bwana mkubwa juu yake na kazi za watu mezani. Mnyampala naye alikuwa karani, kisha liwali, kisha hakimu.

Tena tazameni mfano wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri. Katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza, na ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Alizaliwa mwaka 1918. Yaani kitabu hicho, kilichomleta Bwana Msa katika nyumba zetu, kilitoka mwandishi akiwa na miaka 42 hivi. Nawataja hawa makusudi kwa ajili ya wenzangu wa mbele hapa, wenye mvi zilizoanza kuchungulia, wanaodhani hotuba hii ni ya watoto. Haijawapita.

Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948, aliondoka kwao akiwa kijana na kwenda Uingereza. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Siku ile jina lake lilipotangazwa watu wengi walisema, "Bahati yake." Lakini ukihesabu kutoka kitabu cha kwanza hadi tuzo hiyo, ni miaka 34. Bahati gani hiyo inayochukua miaka 34 ya kukaa mezani?

"Watanisahihisha, watanicheka"

Woga wa tatu ndio mkubwa, na hapa naomba walimu wangu wanisamehe nikigusa chaki.

Ofisini kwetu kuna karatasi inayoitwa dokezo sabili. Afisa mdogo akitaka jambo lifanyike hukaa akaandika dokezo sabili, akaeleza chanzo, hali ilivyo na mapendekezo. Linaingia katika jalada, jalada linapita masjala, linapanda kwa mkubwa wake. Siku ya pili linarudi. Mkubwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: aya ya pili haieleweki, takwimu hizi umezitoa wapi, fupisha. Afisa anaandika upya. Linapanda tena, linarudi tena. Safari ya tatu au ya nne linatiwa sahihi, na shule inapata madawati au kijiji kinapata kisima.

Sasa nauliza. Katika miaka yote hiyo sijamwona afisa aliyelala na njaa kwa aibu kwamba dokezo lake limerudi. Hakuna anayesema, "Basi, mimi si mtu wa madokezo, naacha kazi." Lakini afisa huyo huyo akiandika hadithi, akampa rafiki yake, na rafiki akatia alama mahali pawili tu, hadithi inaingia uvunguni na haitoki tena. Tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba ofisini kusahihishwa ni utaratibu wa kazi. Katika hadithi tunadhani kusahihishwa ni hukumu juu ya utu wetu.

Hiyo ni kasumba, na tumeibeba tangu darasa la tatu. Mtoto anarudishiwa insha imejaa wekundu, na alama nne juu yake, na hakuna nafasi ya kuiandika tena. Wiki ijayo ni insha nyingine, na wekundu mwingine. Anajifunza kwamba wino mwekundu ndio mwisho wa safari. Walimu wangu, najua mna wanafunzi wengi na muda mchache. Nawaomba jambo moja dogo: katika kila muhula, iwepo insha moja ambayo mwanafunzi ataiandika mara tatu, na alama zitolewe ile mara ya tatu tu. Kijana atakayepita njia hiyo mara nane, tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, hatauogopa tena wekundu. Ataungojea, kwa maana atajua ndio unaomvusha.

Na kama mnadhani kuandika upya ni dalili ya unyonge, mtazameni Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida zote mnazozijua, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar. Kitabu kikachapishwa, kikasomwa, kikasifiwa. Nani angethubutu kumwambia Rais akiandike tena? Lakini mwaka 1969 kikatoka tena, kimefanyiwa marekebisho, na hata jina limebadilika kuwa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 akatoa na Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi, kitabu kiko madukani, na bado anarudi kukipiga randa. Basi wewe wa kidato cha pili unaona haya gani kurudia ukurasa mmoja?

Kuchekwa nako kupo, siwadanganyi. Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, mabishano yalikuwa makali. Wapo waliosema hayo si mashairi kabisa. Mwandishi hakuacha kuandika. Alipofariki mwaka 2020, mashairi huru yalikuwa yamekwisha kupata makao katika Kiswahili, na mwanafunzi wa fasihi hawezi kueleza historia ya ushairi wetu bila kukitaja kitabu hicho.

Hata hivyo nawatahadharisha. Kujiamini si majivuno. Mwenye majivuno hataki kusahihishwa kwa sababu anadhani amekwisha fika. Mwoga hataki kusahihishwa kwa sababu anadhani hatafika kamwe. Wote wawili wanakataa kitu kimoja, na wote wawili hubaki pale pale. Anayejiamini ni yule anayeweza kusema, "Hapa umenisaidia, ahsante, na pale nimekusikia, lakini nitaacha kama nilivyoandika, na sababu yangu ni hii."

Habari iliyo mlangoni

Wengine hawaogopi, ila wanasema hawana la kuandika. Wanadhani habari iko Dar es Salaam au Ulaya. Ndugu zangu, tokeni nje ya bwalo hili mtazame juu. Milima ya Uluguru ile. Humo misituni wamo ndege, mmojawapo ni aina ya chozi, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Maji yanayotoka milimani humo huingia mto Ruvu na kwenda kunywewa na wakazi wa Dar es Salaam. Mji huu uliwalea Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, watunzi ambao nyimbo zao zilivuka mipaka ya nchi. Hao nao walikuwa waandishi, ila waliandikia gitaa. Na katika Soko Kuu, ambalo sasa lina jina la Chifu Kingalu, kila mama mwenye tenga la nyanya kutoka mlimani ana riwaya nzima.

Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Kiingereza juu ya Waluguru, ardhi yao na siasa zao. Waliokiandika ni Young na Fosbrooke, wageni wote wawili. Walieleza pamoja na mambo mengine jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta ya ngazi, jinsi watu walivyochoka na kazi hiyo, na jinsi ghasia zilivyozuka mwaka 1955 huko Matombo hata mpango wenyewe ukafa. Siwalaumu wageni hao. Walifanya kazi yao. Lakini mgeni huandika alichoonyeshwa. Mwenyeji huandika alichokiishi.

Naomba niwaeleze habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake silitaji, kwa heshima ya familia yake. Tuliokuwa naye bweni moja tutamjua. Alitoka upande wa Matombo. Taa zikizimwa saa nne usiku, yeye ndiye aliyekuwa redio yetu. Bibi yake alikuwa mwanamwali wakati wa mambo ya matuta, na alimsimulia yote: nani alikimbilia msituni, nani alificha jembe, wanawake waliimba nini walipokuwa wakiteremka. Alipokuwa akisimulia, vijana arobaini walikuwa kimya, hata mwalimu wa zamu akasimama dirishani kusikiliza badala ya kutufokea.

Tulimwambia mara nyingi, "Andika hayo." Jibu lake lilikuwa lile lile kila siku: "Kiswahili changu cha mlimani, watanicheka." Alimaliza shule, akawa mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu mzuri. Bibi yake akafariki. Mwaka 2009 naye akafariki, bado kijana. Nilikwenda matangani. Baada ya siku ya tatu nilimwomba mjane aniangalizie kama marehemu aliacha daftari lolote. Akaniletea mawili. La kwanza lilikuwa la maandalio ya masomo, limeandikwa kwa mwandiko safi. La pili lilikuwa la madeni ya duka lao dogo. Hadithi haikuwamo hata moja.

Mimi nakumbuka mbili tu, tena nusunusu, na si kwa sauti yake. Nyingine zote zimekwenda. Kwa hiyo msinisikie nikisema juu ya kujiamini mkadhani ni jambo la kumfurahisha mtu moyo wake tu. Woga wa mwenzetu yule haukumnyima yeye peke yake. Umewanyima Matombo nzima, na watoto wake, na ninyi mlioketi hapa.

La kufanya

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ya kufanya ni kelele. Nitaje mambo machache niliyoyajaribu mwenyewe.

Kwanza, andika kidogo kila siku. Nusu ukurasa tu, kabla ya prepu au baada yake. Nusu ukurasa kwa siku ni kurasa 15 kwa mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya kurasa 180. Hicho ni kitabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, maliza. Hadithi kumi zilizoanzwa haziwezi kukupa ujasiri ambao hadithi moja iliyokwisha itakupa, hata kama ni fupi na mbovu. Iliyokwisha inaweza kutengenezwa.

Tatu, isome kwa sauti mbele ya mtu mmoja. Usianze na darasa zima. Tena afadhali mtu asiyejua habari za vitabu. Niliandika hadithi ya mtoto anayebeba mboga kwenda gulioni, nikaenda kumsomea mama yangu mkubwa anayekaa Nyandira. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho hasemi neno, kisha akauliza, "Na huyo mtoto, tangu alfajiri mpaka jioni, alikula nini?" Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Lakini swali lake hilo lilinipa kurasa mbili mpya, nazo ndizo wasomaji walizozipenda zaidi hadithi hiyo ilipotoka gazetini. Msomaji wa kweli hakupi sifa, anakupa swali.

Nne, iweke kando wiki mbili, kisha iandike upya. Utaiona kama imeandikwa na mtu mwingine, na utakuwa na huruma naye na ukali pia.

Tano, ipeleke. Mwaka 2013 nilipeleka mswada wangu kwa mchapishaji mmoja. Nilikaa miezi kumi na minne bila jibu. Lilipokuja lilikuwa mstari mmoja: hatutaweza kuuchapisha. Niliusoma mstari ule mara nyingi nikitafuta mahali paliposema kwamba mimi si mwandishi. Hapakuwapo. Ilikuwa barua ya biashara kutoka kwa watu wenye hesabu zao. Nikaufungua mswada nikaendelea na kazi. Siku hizi milango imeongezeka. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Hapa nchini tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Hao walioshinda, siku moja kabla ya kutuma, walikuwa na woga kama wako. Walituma nao.

Kwa sisi wanafunzi wa zamani nina ombi, na naomba liingie katika muhtasari wa mkutano. Kila mwaka tunachanga fedha za rangi na mabati, nalo ni jambo jema. Mwaka huu tuchange na macho. Shule ifufue gazeti la ukutani, pale karibu na maktaba, na kila mmoja wetu aliye tayari achukue mwanafunzi mmoja, asome kazi yake moja kwa muhula, aandike pembeni maswali matatu na airudishe. Asisifie ovyo wala asiponde. Aulize tu, kama alivyouliza mama yangu mkubwa. Mimi najiandikisha wa kwanza, na karatasi iko kwa Katibu.

Nanyi wadogo zangu, likizo inakuja. Mtapanda kwenu Kinole, Mgeta, Matombo, wengine mtakwenda Gairo na Mahenge. Wapo huko wazee ambao mwaka ujao huenda msiwakute. Kaeni nao jioni moja. Ulizeni jambo moja tu, kisha mwandike jibu lake kwa Kiswahili hicho hicho mnachodhani hakitoshi. Mkirudi, leteni daftari. Hatutauliza kama mnajiamini. Tutauliza mmeandika kurasa ngapi.